Saa ya Kumpa Kola

Katika kiwanda kile cha mashati mtu aliitwa kwa kipande anachoshona. Wa mifuko ni Mifuko, wa mikono ni Mikono, na wakikaa pamoja mchana kula walijiita shati zima lisilopigwa pasi. Kola alipopandishwa cheo kuwa nyapara, wenzake walichangishana wamnunulie saa ya mkononi. Aliyetumwa dukani ni Vifungo, kwa sababu moja tu: mkono wake na wa Kola ililingana kwa wembamba.

"Nenda wewe, shoga," Mifuko alimwambia. "Ikikukaa wewe, na yeye itamkaa."

"Haya," Vifungo akajibu, shingo upande.

Maana yeye hasahau. Tajiri, mwenye kiwanda, alipoupiga kufuli mlango wa uani, msimu ule wa joto, ili watu wasitoke kuvuta hewa, nani aliyezima mashine wa kwanza? Nani aliyepanda juu ya kiti akasema sisi si kuku wa kufungiwa? Kola alikuwa kiti cha pili yake, kichwa kakiinamisha, mguu uko kwenye pedali, anashona kama hasikii. Kufuli likaondolewa, ndiyo, na hewa ile wanaivuta wote mpaka leo. Lakini Vifungo alisimamishwa kazi, akala kwa dada yake kwa masimango, na aliporudi akatupwa mwisho wa ukumbi, jirani na choo, kwenye mashine ya matundu ya vifungo ambayo hakuna aliyeitaka. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini? Sasa aliyeinamisha kichwa anapewa meza, kiti chenye mgongo, na juu yake saa. Ndivyo wenye mali wanavyofanya. Hawasumbuki kumnunua aliyesimama. Wanampandisha aliyekaa, kisha wanamwacha aliyesimama ajitafune mwenyewe.

Duka la saa lilikuwa jembamba, lina rafu tatu za vioo. Mwenye duka, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpokea kwa uchangamfu.

"Unatafuta ya nani, dada?"

"Ya rafiki."

"Wa kweli au wa kazini?"

"Kwani bei zinatofautiana?"

"Sana." Akacheka, akainamia rafu ya chini. "Hizi za plastiki ni za kuonea saa, basi. Betri ikiisha, usihangaike na betri, njoo uchukue saa nyingine. Hii hapa imezidi kidogo: mkanda wa ngozi ya bandia, uso mweupe, mishale miwili, haina makelele. Sasa panda juu kidogo." Akafungua rafu ya kati, akatoa saa ya chuma kisichoshika kutu, uso wa buluu iliyokoza, mshale mwembamba wa sekunde unatambaa bila kushtuka. "Hii unaonea saa, na wewe unaonwa."

"Na zile za juu, zilizolazwa kwenye mto kama wagonjwa?"

"Zile ni za kuonwa tu. Saa utamuuliza dereva wako."

"Dakika zake ni ndefu kuliko za hizi?"

"Dakika ni zilezile, dada yangu. Kinachopanda ni jina."

Vifungo aliitazama moja ya zile za juu. Tajiri alivaa ya namna ileile. Dakika zake zilikuwa za bei kweli, lakini zilishonwa na watu wengine.

Mchango ulitosha ile ya buluu. Akaivaa ili aipime. Mkono ule wenye makovu ya sindano, uliozoea uzi na mafuta ya mashine, ukabadilika hapohapo. Akaugeuza huku, akaugeuza kule, akaona kama mkono wa mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Kisha akauona mkono huohuo ukiwa wa Kola. Akamwona Kola anapandisha mkono wa gauni kidogo, kwa makusudi, na ukumbi mzima unauliza, "Saa ngapi, Kola?" Kijicho kikampanda mpaka masikio yakawaka.

Akaifungua. "Nipe ile ya mishale miwili."

"Lakini hela yako inafika hii."

"Nimesikia. Nipe ile."

Chenji akainunulia soda za sherehe, kreti nzima, ili asionekane mwizi. Sababu ya kuwaambia wenzake aliitafuta njiani, na kabla hajafika getini alikuwa ameipata.

"Mbona ya ngozi ya bandia?" Mikono aliuliza, akiigeuzageuza.

"Nyapara kazi yake nini?" Vifungo akasema. "Kutupima. Saa yenye sekunde mkononi mwa nyapara ni fimbo. Mnataka tuchangishane tununue fimbo ya kujichapia? Hiyo haina mshale wa sekunde. Ukienda chooni, hana cha kukuhesabia."

Mifuko akapiga paja. "Jamani, kichwa hiki! Tajiri angejua kina nini, angekipiga kufuli."

Wakamsifu, naye akazipokea sifa, lakini hazikuwa na ladha. Hoja ilikuwa nzuri, haina kasoro. Ubaya ni kwamba aliyeishona ni wivu, na mshonaji anaijua kazi yake hata ikipigwa pasi vipi.

Mchana ule Kola alifungua boksi mbele ya wote, akaitazama saa muda mrefu. "Haina sekunde."

"Haina," Vifungo akasema, akimchungulia usoni.

"Nani kachagua?"

"Mimi."

Kola akatabasamu, akaivaa, akasema ahsanteni. Vifungo alitafuta hata chembe ya masikitiko kwenye uso ule, hakuiona. Hilo likamuuma kuliko yote.

Jumatatu Tajiri aliingia ukumbini na saa ya kubonyeza inaning'inia kwenye kamba, ile ya waamuzi wa mbio. Akamwita Kola katikati ya mashine.

"Kuanzia leo kila kipande kinapimwa kwa sekunde. Na wanaokwenda chooni vilevile. Shika hii."

Kola hakunyoosha mkono. "Saa ninayo, Tajiri. Nimepewa na wenzangu. Haina sekunde, na wamenichagulia hivyo wakijua. Nitawapimia kwa hii, asubuhi wakiingia na jioni wakitoka."

"Unasemaje?"

"Ile sitaishika."

"Mwanamke huyu," Mifuko akanong'ona, kwa sauti ileile aliyomsifia Vifungo. Vifungo akahisi damu inamchemka. Neno alilolikata yeye, kwa mkasi wake, limemkaa mwenzake vizuri kuliko lilivyomkaa yeye. Tangu siku hiyo watasema Kola alikataa. Hakuna atakayeuliza nani kaichagua saa.

"Kusanya vyako," Tajiri akamwambia Kola. Macho yake yakatembea ukumbini, yakaenda mpaka mwisho, jirani na choo, yakatua. "Wewe wa vifungo. Njoo. Meza ile ni yako."

Kamba ikanyooshwa kuelekea kwake. Kiti chenye mgongo kilikuwa palepale, kitupu. Vifungo alikuwa amekiota kile kiti, nani atabisha? Akainuka, akapita kati ya mashine, na wote wakamfuata kwa macho, kwa sababu walijua Tajiri alimfanya nini na walijua kitu kama hicho humfanya mtu nini. Akamfikia Kola. Akasimama ubavuni mwake.

"Ile saa niliichagua mimi," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Mimi, si yeye. Kama ni kufukuza, anza na mimi."

Kola alimtupia jicho. "Kumbe hata hili hutaki niwe nalo peke yangu," akasema chinichini.

"Sitaki," Vifungo akajibu, na ilikuwa kweli tupu.

Nyuma yao Mifuko akazima mashine. Halafu Mikono. Tajiri alibaki na kamba mkononi, anatafuta wa kumpa.