Mrija wa Tatu

Saa kumi na moja jioni Specioza alimimina maji ya uvuguvugu kwenye chungu cha impeke, pombe ya mtama, akachomeka mirija miwili, akavuta vigoda viwili. Jua lilipogusa bani la kukaushia tumbaku la majirani, mumewe Jean-Marie aliingia uani akitokea upande wa shamba, akavua kofia, akaketi. Alikuwa amekufa miaka ishirini iliyopita, pale pale mpakani mwa shamba, na tangu wiki ya msiba hajawahi kukosa jioni hata moja.

Hapo Mishamo walishamzoea. Wapita njia walimsalimia, naye akaitikia. Mwaka wa sensa mwenyekiti wa kitongoji aliuliza kama aandikwe, wakakumbushana kwamba anayehesabiwa ni aliyelala, na Jean-Marie halali pale. Giza likiingia huondoka. Atavuta mrija wake weee, chungu hakipungui.

Kilichomuuma Specioza kilikuwa kingine. Jean-Marie alikuwa na miaka thelathini na nne, shati lile lile la bluu, meno yote kinywani. Yeye alishafika hamsini na tatu, na magoti yameanza kumgomea. Zamani, wakipukuchua mahindi, walikuwa wakitaniana nani ataota mvi kwanza. Jean-Marie aliapa kwamba akizeeka hashiki jembe tena. Atakaa mlangoni na fimbo yake, agombeze kuku, na Specioza amletee maharage yaliyopondwa. Jamani, walicheka siku zile. Mpaka leo Specioza alikuwa anaisikia sauti ya punje zikidondoka kwenye ungo.

Alhamisi hiyo akaja Getrude, ofisa wa ustawi wa jamii, kwa bodaboda kutoka Mpanda, na fomu kwenye bahasha. Akaamkia, akampa mama hongera kwa kuwa na kijana mtulivu vile. Specioza akamwambia huyo ni mume wake. Getrude akaomba radhi, akafungua bahasha.

Habari ilikuwa ya Gelasius, aliyekuwa jirani yao. Miaka ile mbuzi walivunja tawi la minyaa ya ua wa mpakani, tawi likaangukia upande wake, na minyaa ndivyo ilivyo, ikigusa udongo inaota. Baada ya masika mawili Gelasius akaona ua umemwingilia hatua tatu. Akaamini Jean-Marie ndiye kausogeza, akamvizia asubuhi na panga. Akafungwa miaka thelathini. Sasa ametimiza ishirini, Getrude akaeleza, na humo gerezani amefundisha watu kusoma, ameuguza wagonjwa wa kifua kikuu waliokimbiwa na wenzao. Ilikuwa inaangaliwa kama apunguziwe kifungo, na familia ya marehemu ilitakiwa kusema kama ina pingamizi.

Specioza hakubisha. Mpwa wake mwenyewe alirudi kutoka gereza hilo anasoma Biblia bila kusaidiwa.

"Mama, huyu wa leo siye yule aliyeingia," Getrude alisema taratibu.

Specioza akamtazama mumewe. "Na huyu ni yule yule aliyeaga kwenda shambani."

Akamuuliza anasemaje. Jean-Marie akatoa mrija mdomoni.

"Mimi nilimsamehe hata sijaanguka vizuri. Mwacheni atoke. Ila mimi sitoki."

"Basi andika sina pingamizi," Specioza akamwambia Getrude. "Na uandike mume wangu bado ana miaka thelathini na nne."

Getrude akatafuta nafasi mbele ya fomu, akageuza nyuma, hakuna. Specioza akasaini hivyo hivyo. Akalia kidogo, akajifuta kwa kitenge.

Gelasius alikuja baada ya mavuno. Watu wa pale wakikosana hawasemi yamekwisha mpaka wanywe chungu kimoja, kwa hiyo Specioza alichomeka mrija wa tatu. Mgeni alipiga magoti kwanza, akaomba msamaha kwa sauti iliyokuwa inakatika, ndipo akaketi. Kichwa chake chote kilikuwa cheupe kwa mvi.

Jean-Marie alikitazama muda mrefu.

"Umezeeka, jirani."

"Nimezeeka."

"Zinawasha?"

"Haziwashi. Unazizoea tu." Gelasius akainamisha kichwa ili mwenzake aguse.

Wakanywa. Wakakumbushana mvua za zamani, na baiskeli moja waliyokuwa wakiazimana kwenda mnadani, yule akikanyaga, huyu amekaa kwenye keria. Walicheka wote watatu. Giza lilipoanza, Jean-Marie akavaa kofia, akasimama. Gelasius naye akainuka, akidhani ndiyo kuagana.

"Wewe kaa," Specioza akamwambia. "Wewe unao muda."

Gelasius akakaa. Jean-Marie akavuka minyaa, iliyokuwa imeshasogea hatua nyingine nne bila mtu kuigombea. Specioza akachomoa mrija wa mumewe, mkavu kama siku zote, akauchomeka mahali pake juu ya dari la jiko.