Mrudishe Nilikokupa

Praxeda alisimama kizingitini, viatu mkononi. Tangu Pongwe, kwa mumewe, hadi hapa Maramba alikuwa amejifunika kanga usoni kama mwenye jino bovu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

Mwalimu Asheri aliuona mdomo uliovimba, asiulize. Siku ya harusi, mbele ya kanisa zima, alimshika Noa mkono akamwambia: ukimchoka, usimpige, mrudishe nilikokupa. Vigelegele vilipigwa. Naye si mtu wa kumeza neno alilolitamka hadharani.

"Noa hajakurudisha," alisema. "Umejirudisha. Sivyo tulivyopatana."

"Ulimwambia asinipige."

"Nitamkumbusha."

Mchi ulinyamaza uani. "Mwalimu, mwache alale hata siku moja," mkewe alisema.

"Mama Praxeda, mke wa mtu halali kwangu bila mwenyewe kujua."

Akamsindikiza siku ile ile. Noa aliwapokea kwa heshima zote. Kiwanda cha katani alikofanya kazi kilikuwa kimefungwa. Sasa Praxeda ndiye aliyeuza mitumba sokoni na kuleta sukari nyumbani.

"Nyumba hii ina wanaume wawili, mzee," Noa alisema. "Sharti mmoja ashushwe."

Mwalimu alicheka kidogo, kwa adabu ya ugeni. Kisha akamkumbusha Noa ahadi, akamwambia na binti apunguze sauti.

Baada ya miezi mitano, Noa alibisha hodi Maramba, sanduku begani. Nyuma yake alisimama Praxeda, kitambaa cheupe kimemzunguka kichwa.

"Nimemrudisha ulikonipa, mzee. Neno lako nimelitimiza."

Mwalimu, aliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini, alilipokea sanduku. Alijisikia akisema, "Ahsante."

Jioni Praxeda alikaa barazani akichambua mchele. Baba yake alimwita. Akamwita tena, kwa sauti ya darasani. Binti hakugeuka.

"Zunguka upande wa kulia," mama alisema bila kuinua macho. "Sikio la huku Noa amelimaliza."

Mwalimu alibeba kigoda chake, akazunguka. Akaketi. Akachota konzi ya mchele, jambo ambalo hakupata kulifanya maishani mwake, akaanza kutafuta mawe.

"Acha, baba," Praxeda alisema, akiuvuta ungo kwake taratibu. "Hiyo si kazi ya mwanamume."

Mwalimu alibaki na mchele kiganjani, asijue pa kuurudisha.