Mtu wa Nyumbani

Karakana ilikuwa chini na familia iliishi juu, na katikati palikuwa na ngazi ya mbao. Springi alizijua sauti zake kiasi kwamba hata akiwa ameinamia kazi aliweza kusema ni nani anashuka na amekasirika au la.

Alikuwa fundi wa makochi. Jina hilo la Springi alibandikwa ujanani, siku springi ya kiti ilipofyatuka ikampasua nyusi. Watu walilipenda kwa sababu ya utani uliokuwa ndani yake, maana mtaa mzima hakukuwa na mtu mwenye mwendo wa taratibu kama yeye. Jina alilopewa na wazazi wake likabaki la kwenye kitambulisho tu.

Ukimletea kochi lililozama katikati, kwanza alilivua nguo: anang'oa pini moja moja, anatoa kitambaa bila kukichana, anafukua sponji iliyokufa, mpaka anafika kwenye mifupa. Kisha alianza kurudi juu. Mikanda ilivutwa mpaka ikalia ukiipiga kwa kidole. Springi za kochi alizifunga kwa kamba, kila moja ikiwa imeshikwa pande zote na jirani zake. Likafuata gunia, ikafuata sponji mpya, na mwisho kitambaa, maua ya mgongoni yakikutana na maua ya kitini kama vile hayakuwahi kukatwa. Wateja walikuja wakiuliza, "Yule wa taratibu yupo?" Kama hayupo, waliondoka.

Kazi hiyo alifundishwa na mwenye karakana, ambaye alimwita Kaka ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Mke wa Kaka, basi, akawa Shemeji. Binti yao wa pekee akajua kusema "baba mdogo" kabla hajajua kufunga viatu. Kila mchana Shemeji alichungulia kutoka juu ya ngazi, akaita, "Shemeji, chakula kinapoa!" Naye alinawa, akapanda, akala jikoni pamoja nao, huku wakimtania kwamba anakula kama anayeshona, kila tonge kwa kipimo. Aliipenda saa ile kuliko saa zote za siku.

Jioni alirudi kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, kitanda na jiko la mafuta vikitazamana. Ukuta mmoja ulikuwa wa jirani mwenye redio. Springi alikuwa akisikiliza taarifa ya habari ya jirani, akizima taa jirani anapozima redio, na hawakuwa wamewahi kuzungumza zaidi ya habari za asubuhi.

Si kwamba hakutaka mke. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyeuza nyuzi na vifungo, mcheshi, aliyekuwa akimwongezea pima ya uzi kila anaponunua. Walielewana. Lakini kila Springi alipopiga hesabu ya watu wawili kwa mshahara ule, hesabu iligoma. Alimwambia ngoja kidogo, na tena ngoja kidogo. Mwishowe yule mwanamke akamwambia, bila hasira, "Mimi nakupenda, lakini siwezi kuhamia kwenye ngoja kidogo." Akaolewa na dereva wa lori, wakahama. Springi alijikaza. Alijiambia kwamba hata hivyo yeye si mtu wa peke yake, familia anayo, ipo juu ya ngazi.

Kisha Kaka akaugua, akafa. Baada ya mazishi Shemeji alishuka karakana, macho yamevimba, akasema, "Shemeji, tubanane kidogo mpaka biashara isimame. Wewe ni mtu wa nyumbani, wewe utanielewa." Alimwelewa. Miezi ile ya mwanzo hata nauli alijilipia anapokwenda kununua sponji.

Biashara ikasimama. Mbele ya karakana pakawekwa kioo kipana. Likaja gari la kubebea mizigo. Hoteli zikaanza kuleta viti kwa makumi. Mshahara wa Springi tu ndio uliobaki pale ulipoachwa na marehemu. Naye hakusema. Angesemaje? Mtu unakula jikoni kwake, unajua dawa anayokunywa kwa ajili ya presha, halafu umgeukie umwambie habari ya pesa? Kila mwisho wa mwezi maneno yalimfika kooni, na kila mara Shemeji aliita chakula, akayameza pamoja na tonge la kwanza.

Binti alipomaliza chuo alirudi kumsaidia mama yake, akamwajiri seremala wa kutengeneza fremu. Seremala alikuwa na watoto wawili na mdomo usiopumzika. Hakuwa mtu mbaya. Mwisho wa mwezi wake wa kwanza, simu zao zililia karibu pamoja kuonyesha kwamba mshahara umeingia. Seremala akaitazama yake, akapiga mluzi.

"Angalau hapa wanalipa kama watu," alisema, akataja kiasi chake kama anayetaja bei ya msumari. "Na wewe, kaka yangu, umekaa hapa tangu dunia haijakauka. Wewe si utakuwa unachota mara mbili yangu?"

Springi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama mtu anayesafisha koo. Kiasi alichotaja seremala kilikuwa mara mbili ya chake yeye.

"Tunashukuru," alisema, akainama kwenye kiti kilichokuwa mbele yake.

Mchana ule alikata kitambaa cha mteja kombo, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea. Alikaa akikitazama. Hakumwonea seremala wivu. Mtu ana watoto, na fremu zake zilikuwa zimenyooka. Kilichomchoma ni kwamba kumbe pesa zilikuwepo. Kumbe fundi alikuwa na bei yake, inajulikana, na mtu baki alipewa siku ya kwanza bila hata kuomba. Yeye tu, wa nyumbani, ndiye aliyekuwa akipewa chakula na jina.

Wiki nzima hakulala vizuri. Siku ya Ijumaa akapiga moyo konde. Walipomaliza kula hakuinuka. Shemeji alikuwa akikusanya vyombo, binti akichezea simu yake.

"Shemeji," alisema, "nina neno, ila naona aibu kulisema."

"Aibu na mimi? Sema."

"Mshahara wangu ni wa zamani sana."

Shemeji akasimama na vyombo mkononi. "Wa zamani vipi?"

"Ni ule wa enzi za marehemu. Nimejua anacholipwa seremala. Sikumuuliza, alisema mwenyewe. Sitaki kumpita. Nataka tu nilipwe kama fundi."

Maji ya bomba yalikuwa yakimwagika, hakuna aliyeyafunga. Binti aliinua uso, akamtazama mama yake, kisha akamtazama Springi. "Baba mdogo, mimi nilijua mna mpango wenu na mama, kwamba kuna nyingine anakupa pembeni. Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuwa amejiandaa nalo. "Nilikuwa nangoja kuulizwa," alijibu.

Shemeji aliweka vyombo chini kwa nguvu. "Umekula jikoni kwangu miaka yote. Ulipougua nani alikuletea supu? Nimewahi kukuhesabia hata chumvi? Leo unakuja kunisimamia kama mdai!"

"Hujanihesabia, Shemeji. Na mimi sikukuhesabia. Lakini mwenye nyumba ninayopanga ananihesabia kila mwezi. Yeye hanijui kama mtu wa nyumbani."

Binti alianza kusema, "Mama, anachosema ni kweli—" lakini Shemeji alimkata kwa mkono. Alifunga bomba, akajifuta mikono polepole, kidole kwa kidole, kisha akasema bila kumtazama, "Haya. Utalipwa kama fundi."

Akalipwa kweli. Binti alihakikisha, na akaongeza na pesa ya nyuma kidogo, katika mafungu, ingawa Springi hakuwa ameomba hiyo. Lakini Jumatatu iliyofuata, saa ya chakula ilipofika, Springi alinawa mikono kama kawaida, akasimama karibu na ngazi. Kutoka juu ilishuka harufu ya vitunguu na sauti ya vijiko. Alisimama mpaka mikono ikakauka yenyewe. Seremala alipita akiwa ameshika shati lake begani, akauliza, "Twende kibandani tukale?" Springi akasema ndiyo, kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu asubuhi.

Hakuna aliyemgombeza. Hakuna aliyemnunia hadharani. Shemeji aliposhuka kuleta wateja alisema, "Fundi atawaeleza," akapita. Neno lenyewe halikuwa na kosa. Ndilo alilolidai kwa mdomo wake. Lakini kila lilipotamkwa alijiona kama aliyeshuka kituo kisicho chake na gari limeshaondoka.

Kwa pesa mpya alihamia chumba chenye dirisha la barabarani na choo cha ndani. Huko hakukuwa na redio ya jirani. Akatengeneza kochi lake mwenyewe, la watu wawili, kitambaa cha bluu alichokichagua kwa siku kadhaa. Lilipokamilika alikaa upande mmoja, akasimama, akakaa upande wa pili. Lilikuwa kochi zuri. Mtu wa kumwambia hivyo hakuwepo.

Msimu wa baridi akashikwa na homa ya kifua. Zamani angepigiwa simu kabla ya saa nne, na jioni Shemeji angebisha hodi na chupa ya supu, akimtukana kwa kutojifunika vizuri. Mshahara wa siku hizo ungekatwa, na wala asingeuliza. Safari hii simu ililia mara moja. Ulikuwa ujumbe kwamba siku zake za ugonjwa zimelipwa, zote. Aliusoma, akauweka kifuani, akageukia ukutani. Seremala alikuja Jumapili na machungwa, akakaa kwenye kochi la bluu, akaongea kuhusu watoto wake mpaka Springi akasinzia. Alipoamka, alimkuta amekwenda, na glasi imeoshwa.

Aliporudi kazini, jioni moja wakati wa kufunga, Shemeji alishuka ngazi. Alishuka taratibu, akiburuza kiti cha marehemu, kile cha mkono mpana alichokuwa akikalia kusoma gazeti. Kitambaa kilikuwa kimechakaa mpaka nyuzi zinaonekana.

"Unaweza kukitengeneza?"

"Naweza."

"Bei gani?"

Springi alikitazama kiti, akamtazama yeye. Mwaka uliopita angesema, bei gani tena, Shemeji. Akataja bei anayowatajia wateja wote.

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Kisha, badala ya kuondoka, akakalia rundo la sponji. Alionekana amechoka, na amezeeka kidogo.

"Nilikuwa najua," alisema. "Usidhani nilikuwa sijui. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa najua. Nikikuona pale jikoni unakula, nilikuwa najiambia, huyu hana shida, huyu ni wetu. Siku ulipoongea ndipo nikajiona. Tangu hapo nikitaka kukuita chakula, sauti haitoki. Si hasira. Nitakutazama vipi usoni?"

"Ungeniita tu," Springi alisema. "Mimi mwenyewe ningetazama sahani."

Shemeji alicheka, akajifuta macho kwa upande wa kanga. Wakakaa pale, karakana ikinuka gundi na vumbi la mbao, mpaka binti alipoita kutoka juu akimtafuta mama yake. Alipoinuka Shemeji alisema, "Kesho mchana uje."

Kesho yake alinawa mara mbili. Alipanda ngazi kama anayekwenda kuposa. Alielekea jikoni kwa mazoea, lakini Shemeji alimwahi mlangoni, amevaa vizuri, akamwambia, "Hapana, pita huku." Akampeleka sebuleni. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa. Binti alimletea maji ya kunawa, akamwekea leso ya karatasi pembeni mwa sahani. Walimkaribisha, wakamuuliza hali ya kifua, wakamuuliza chumba kipya kikoje. Kila alipotaka kujiongezea mboga, mtu alimtangulia, akamwongezea.

Hakuna aliyemtania kuhusu tonge zake.

Alikula vizuri. Alitamani kusema jambo, waruhusiwe wote kurudi kule jikoni kwenye moshi, lakini lilikuwa jambo ambalo mtu hawezi kuliomba, na wala hakujutia lile aliloomba. Alipomaliza alisema, "Ahsanteni sana, nimeshiba." Shemeji akasema, "Karibu tena, siku yoyote." Wakamsindikiza mpaka kwenye ngazi, wote wawili, wakasimama kumtazama akishuka.

Chini, seremala alikuwa akipiga randa. Alisimamisha mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Enhe, vipi huko juu?"

"Wamepika vizuri," Springi alisema, akavuta kiti cha mteja, akaanza kung'oa pini.