Kikombe cha Madawati

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena nimevaa tai. Kazi yangu ni kuchomelea mageti, na nilikuwa nimemwambia mke wangu: kijana wetu asipopata zawadi siku ya kufunga shule, namtoa, aje karakana anishikie vyuma. Akipata, abaki asome. Mke wangu alikubali haraka mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Mkuu wa shule akasoma washindi wa hesabu, wetu hayumo. Sayansi, hayumo. Mbio, hata harufu yake. Nikalegeza tai kwa raha zangu.

"Na kikombe cha mwisho," akasema, "ni cha aliyekarabati madawati yote mabovu ya kidato cha pili!"

Akainuka mwanangu. Ukumbi mzima ukampigia makofi, mimi nikiwashinda wote.

Tulipotoka nje nikamgeukia mama yake. "Umeona? Huyo ni fundi, si msomi! Kesho karakana."

"Baba watoto," akasema, akikifuta kikombe kwa kitambaa, "wewe unachomelea tangu hujanioa. Nani amewahi kukupigia makofi?"