Sikio la Khairat

Jumatatu ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, Shaame fundi cherehani alifunika cherehani yake kwa kanga kuukuu, akambeba bintiye Khairat mgongoni, wakaenda shule. Alimbeba kwa sababu barabara za Makorora zilikuwa na madimbwi na mtoto alikuwa mfupi. Khairat alikuwa na miaka saba. Umbo lake lilikuwa la mtoto wa miaka mitatu, na mtaa mzima walilijua hilo siku nyingi, hawakuwa na neno nalo.

Mwalimu Praxeda alikuwa amekaa barazani nyuma ya meza, anaandikisha. Vyeti vya kuzaliwa havikumshughulisha, maana nusu ya watu hawakuwa navyo. Yeye alitazama mkono. Mtoto akipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa akashika sikio la kushoto, amefika umri wa shule. Asipofika, arudi mwakani.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Khairat.

"Marahaba. Haya, shika sikio."

Khairat akapitisha mkono. Vidole vikaishia utosini.

"Vuta kidogo."

"Nimevuta, Mwalimu. Mkono ndio umeishia hapo."

Mezani kulikuwa na gazeti lililofungiwa karanga. Khairat akalisoma lote kutoka upande aliosimama, yaani juu chini, tangazo la mabati na matokeo ya mpira, bila kukwama. Mwalimu Praxeda akampongeza, akampa karanga.

"Lakini kusoma ndiko wanakuja kujifunza huku," akasema. "Mie nataka sikio. Kwani wewe mbona hukui?"

"Namsubiri mama. Nataka nikikua aone."

"Mama anarudi lini?"

"Yupo. Yuko kazini."

Mwalimu Praxeda akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la kawaida, akamwambia Shaame, "Tunafunga Ijumaa. Mlete tena, na huyo anayesubiriwa aje."

Huyo anayesubiriwa alikuwa Mwatum, mzaliwa wa Pemba, msomi wa chuo, msimamizi wa uzalishaji kwenye kiwanda cha sabuni barabara ya kwenda Pongwe. Miaka ile ya shida, watu walipokuwa wanafulia majani ya mpapai, Mwatum akikatiza mtaani hata wazee walimsalimia wao kwanza. Kisha milango ikafunguliwa, ikawa kila kitu ruksa, sabuni za nje zikaingia. Zilikuwa za rangi ya waridi, na kwenye karatasi kuna mwanamke anacheka. Maduka ya Ngamiani yakazipanga mbele, na sabuni ya mche ya Mwatum ikasogezwa nyuma, jirani na mafuta ya taa. Mwatum alilichukua hilo kama ametukanwa yeye. Akawa anatoka kabla ya adhana ya alfajiri, anarudi mtoto ameshalala, hata Jumapili.

Kila akirudi alimchungulia Khairat kitandani, akamkuta vilevile kama siku aliyopewa cheo. Hilo lilimtuliza sana. Akawa anaona bado mapema. Kazi ikipungua atakaa naye, mtoto mwenyewe bado mdogo.

Majirani nao walimpa hongera. "Mwenzangu una bahati," Bi Ghanima mwenye duka la pembeni alikuwa akimwambia. "Wangu wanamaliza viatu kama wanavitafuna. Wako gauni moja, Idi hadi Idi."

Jumatatu hiyohiyo Shaame alipanda baiskeli hadi kiwandani, akamwita mkewe getini.

"Sikio halijafika," akasema.

"Limebaki kiasi gani?"

Shaame akaonyesha kwa vidole.

"Hicho kidogo," akasema Mwatum. "Kesho mlete hapa kazini, nitamkuza huku huku. Lakini Ijumaa siwezi, Baba Khairat. Wakubwa wanatoka Dar kuchagua meneja mkuu. Bwana Ernesti anastaafu, na ameniambia nikisimama tu pale kwenye mtambo, kiti changu."

"Ijumaa ndiyo mwisho wa kuandikisha."

"Basi tumalize kabla."

Jumanne Khairat akaletwa, akakalishwa juu ya katoni za sabuni ofisini kwa mama. Mwatum alifanya kazi, na kila akigeuza karatasi alimtupia jicho. Alipima asubuhi kwa rula, akapima jioni. Rula ikasema vilevile.

"Nimekutazama kutwa nzima," akasema Mwatum.

"Ulikuwa unanipitia tu," akasema Khairat, "kama mlinzi anavyopitia geti."

Mwatum alifikiri juu ya jambo hilo njia nzima ya kurudi. Jumatano akaomba ruhusa, akabaki nyumbani, kitu ambacho kilimfanya paka wa nyumba ahamie kwa Bi Ghanima kwa kutomjua. Alikaa mkekani na mwanawe. Akamwuliza maswali, akajibiwa, lakini kichwani alikuwa anahesabu mbata iliyotoka Pangani, zile nazi kavu za mafuta ya sabuni, kama itatosha mchemsho wa Ijumaa. Kufika adhuhuri Khairat alikuwa amekua mguu mmoja. Mguu wa kushoto ulikuwa wa mtoto wa miaka saba, mzuri, wenye kovu la mbu, na wa kulia bado uleule. Akatembea hivyo hadi dukani kununua chumvi, akipanda na kushuka.

"Mama yako yupo leo?" akamwuliza Bi Ghanima.

"Yupo nusu."

Mwatum alisikia kutoka dirishani. Akavua saa ya mkononi, akaifungia ndani ya sufuria la pilau la arusi ambalo halitumiki.

Alhamisi akaingia jikoni mwenyewe. Akapika wali na samaki wa nazi, na wali ukaungua chini. Khairat akamsimulia habari zote, na zilikuwa nyingi maana alikuwa ameziweka tangu ana miaka mitatu: nani alimng'ata, jino lipi lilitikisika likaghairi, ndoto ya mbuzi anayeendesha treni. Mwatum alisikiliza, akacheka, akauliza mbuzi alivaa nini. Na wakati anauliza, mtoto akaanza kuumuka polepole kama unga wa maandazi. Mguu wa kulia ukaufuata wa kushoto. Gauni likapanda magotini. Baba yake alikuwa tayari barazani. Miaka yote alikuwa amelishona lile gauni kwa pindo kubwa mno, akamwita, akafumua pindo, akashusha, akamrudisha mkekani. Akamwita tena, akashusha tena.

Safari, mhudumu wa ofisi, akafika na baiskeli anahema.

"Hodi. Mama, Bwana Ernesti anakuita. Sabuni imegoma kuganda."

"Mwambie nakula."

"Nikamwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie nakula na Khairat. Karibu ukoko."

Safari akakaa, akala ukoko, akamwangalia mtoto anavyopanda. "Anakua vizuri," akasema, na kuomba maji.

Ijumaa foleni ya shule ilizunguka nyumba mbili. Mwatum alisimama nayo kama mtu mwingine yeyote, amemshika Khairat mkono, na mkono wenyewe sasa ulihitaji kushikwa kwa kujaza kiganja. Wakiwa wamekaribia meza, Safari akafika tena.

"Mama, wageni wameshavalishwa makoti meupe. Wako mbele ya mtambo, wanauliza mwenyewe yuko wapi."

"Waambie yuko kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya sikio."

Safari akapanda baiskeli, akaenda kuwaambia. Mwatum akaitazama baiskeli mpaka ikakata kona. Khairat akamvuta kanga, mama akageuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Haya."

Mkono ukapita juu ya kichwa. Vidole vikashika sikio la kushoto, vikalikunja, vikabaki na nafasi ya kukuna shavu. Mwalimu Praxeda akaandika jina. Shaame akashangilia peke yake kwa mluzi, na Mwatum akafuta macho kwa ncha ya kanga, akisema ni vumbi, ingawa madimbwi bado yalikuwepo.

Kiti cha meneja mkuu akapewa Nadir wa uhasibu. Sabuni hajawahi kuiona ikichemka, ila siku ile alikuwepo.

Wakati wanaondoka, Mwatum akaitazama foleni vizuri. Nyuma yao kulikuwa na watoto wengi wa kubebwa. Wengine walikuwa mbelekoni, wanaongea kwa sauti nzito za kikubwa juu ya bei ya sukari. Mmoja alikuwa mikononi mwa bibi yake, mdogo kama mkate.

"Shikamoo, Mama Khairat," akasema yule mdogo. "Mie Yakoub, mtoto wa Abass wa tanuri la kiwandani. Wewe ndiye unayepanga zamu?"

"Marahaba. Ndimi."

"Baba yuko zamu ya usiku, mchana analala. Namsubiri."

Mwatum alimjua Abass. Alimweka usiku yeye mwenyewe kwa sababu hakuwa mtu wa kulalamika. Jumatatu akaenda kwa Nadir kuomba zamu zibadilishwe. Nadir akamjibu kwa upole kwamba sabuni za nje hazilali, na kwamba kuanzia sasa zamu atazipanga yeye. Zikabaki zilivyo. Mwatum akarudi mezani kwake, na king'ora cha saa kumi kilipolia akachukua mkoba akaenda nyumbani, na tangu hapo hufanya hivyo kila siku. Saa ya mkononi bado iko ndani ya sufuria.

Khairat yuko darasa la kwanza. Asubuhi akienda shule hupita kwa kina Yakoub, ambaye huwekwa barazani kwenye ungo, anasoma gazeti.

"Bado?" anauliza Khairat.

"Bado. Ndio kwanza amelala."

Khairat humfungulia ukurasa wa pili, maana mikono ya Yakoub haiufikii, kisha hukimbia kuwahi kengele. Gauni limeshaanza kumbana tena.