Theodosia Hakuinuka Mezani

Bibi Cordelia, mke wa Lord Ashcombe, alimtazama wifi yake mara ya tatu, na mara ya tatu Theodosia akajifanya anamenya zabibu. Wanawake wengine wawili walikwisha inuka. Wanaume nao wamesimama, kama ilivyo adabu, wakingoja wanawake waende sebuleni kwenye chai yao ili wao wabaki na divai na mambo ya nchi.

"Wifi, twende," Cordelia alinong'ona.

"Tangulieni. Mimi bado nakula."

Cordelia akaiva uso mpaka shingoni, akatoka na wenzake.

Theodosia alijua alitendalo. Kesho Bunge lingejadili muswada wa kuwatoa watoto migodini, na mdogo wake Ashcombe, waziri, ndiye aliyetazamiwa kuutetea. Hotuba aliiandika yeye Theodosia, kama alivyomwandikia zote kwa miaka kumi na tisa, na makofi akapigiwa mdogo mtu. Lakini jioni hii alikuwapo Sir Gervase Thorley, mwenye migodi ya makaa ya mawe, na alilolifuata ni moja tu: Ashcombe ampe neno kwamba kesho atanyamaza. Neno la muungwana juu ya divai ile halivunjwi hata afe. Na mbele ya mwanamke halitolewi.

Basi akakaa, tena akakaa kitako hasa. Wanaume wakarudi vitini mmoja mmoja, maana watasimama mpaka lini?

"Bibi Theodosia labda hajisikii vizuri," alisema Sir Gervase.

"Mzima kabisa. Wewe je? Naona kiti kinakuchoma."

Ndani ya kabati la pembeni kulikuwa na chombo cha haja ndogo, wanachokitumia wanaume wanawake wakishatoka, wasije wakaenda mbali na divai yao. Kila mwanamke alijua kipo, na hakuna aliyewahi kukitaja. Sir Gervase, mtu wa tumbo lake, alikuwa amekunywa tangu supu. Macho yake yakaenda kabatini, yakarudi.

"Dada," Ashcombe alisema huku amekaza meno, "unaniaibisha nyumbani kwangu. Kesho nitakupeleka shamba ukaishi na mbwa wa baba."

"Mbwa wa baba walikuwa na adabu zao. Nipeleke. Lakini leo hapa sitoki."

"Mwacheni ale!" alidakia Kanali Pym, jirani yao mzee, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumtupa. "Hata zabibu mnamnyima?"

Nusu saa ikapita. Sir Gervase alikunja mguu huu, akakunja ule, jasho likamtoka kipajini.

"Ashcombe, lile neno letu..."

"Neno gani?" Theodosia aliuliza. "Liseme tulisikie sote."

"Haya si mambo ya wanawake, bibi."

"Wale wasichana wanaokuvutia mikokoteni ya makaa huko chini, ni wanaume?"

Sir Gervase akatupia kabati jicho la mwisho. Kisha akasimama ghafla, akaaga kwa neno moja, akatoka mbio mbio, na haikuchukua muda gari lake la farasi likasikika likiondoka. Kanali naye akachukua fimbo yake, akicheka bila kujua anacheka nini.

Wakabaki ndugu wawili.

"Umenivunjia urafiki wa miaka ishirini."

"Nimeuvunja, ndiyo."

"Na nikinyamaza kesho kwa hiari yangu? Sijampa mtu neno, lakini nikinyamaza?"

"Nyamaza. Ila hotuba ya keshokutwa utajiandikia mwenyewe, na ya mtondo, na zote mpaka uzikwe."

Ashcombe akasukuma bilauri yake kando. Hakuwahi kuandika hata moja. Akanyoosha mkono.

"Lete karatasi."

"Karatasi sikupi, utaisoma kama tangazo la mnada. Hii utaitoa kifuani. Simama."

Lord Ashcombe, waziri, akasimama.

"'Mabwana, yuko mtoto wa miaka sita anayekaa gizani kutwa nzima akifungua mlango wa mgodi.' Sema."

Akasema.

"Sauti haitoki. Sema tena."