Kibbe ya Hila Siku ya Pasaka

Misa ya Pasaka ilikuwa imeanza, na Nuhad hakuwa kanisani. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kuikosa. Leo alimwambia mumewe kwamba magoti yanamuuma, uongo mtupu, kisha alipowaona yeye na binti yao Ghada wanapinda kona ya ukuta wa mawe, akapanda ngazi za paani mbio mbio kama msichana wa miaka kumi na tano. Huko ndiko alikoficha boga.

Lilikuwa la mwisho kati ya yale waliyoyapandisha paani wakati wa kuvuna, yakapitiwa na theluji na jua la Machi bila kuoza. Alishuka nalo amelikumbatia, jasho linamtoka.

"Usije ukanitia aibu," aliliambia, akalitua mezani.

Alilipasua, akatoa mbegu, akalikata vipande vyembamba ili liive haraka, akalitia kwenye oveni pasipo hata tone la maji. Boga la kuchemsha hunywa maji na kulegea, na lililolegea halishiki. Kisha akaanza kuzunguka jikoni. Alifuta meza iliyokuwa safi. Alichungulia dirishani, akachungulia oveni, akarudi dirishani. Padri wao ni mtu wa maneno mengi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Nuhad alimwombea azidishe.

Tannus, mumewe, alikuwa mchinjaji, na si mchinjaji hivi hivi. Watu wa vijiji vitatu walimletea nyama zilizofungwa kwenye karatasi wakamwuliza, "Mwalimu, hii tumeuziwa kondoo au tumeuziwa mbuzi?" Naye alikuwa akikata kipande kidogo kama ncha ya kidole, akatafuna amefumba macho, akasema ni mnyama gani, wa umri gani, na pengine alilishwa mteremko upi. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Nuhad akikanda kibbe, ngano iliyovunjwa pamoja na nyama iliyotwangwa, hakuwa akionja mwenyewe. Alimega donge dogo, akampelekea mume mdomoni, na Tannus akasema ongeza chumvi, au punguza mdalasini, au acha hapo hapo. Ulimi wa Tannus ndio uliokuwa mizani ya nyumba ile.

Mwezi wa pili, moyo wake ulisimama dukani, kisu mkononi. Ulirudi kupiga hospitalini. Daktari aliongea na Nuhad kando: mafuta basi, chumvi kidogo sana, nyama nyekundu aisahau. "Moyo ukisimama tena, mama, usitegemee tutamwahi."

Kwaresima ndiyo iliyomwokoa Nuhad. Mfungo ulipoanza hakuna aliyeuliza nyama iko wapi, na yeye akajitosa kwenye maboga yake. Alipika supu ya boga na dengu nyekundu. Alioka vipande vya boga akavinyunyizia ufuta na sumaki, kiungo chekundu chenye uchachu, badala ya chumvi. Alioka keki ya boga ambayo utamu wake wote ulikuwa asali ya zabibu, vijiko vitatu tu. Na kila Ijumaa alipika kibbe ya boga, ile isiyo na nyama ambayo watu wa kwao huiita kibbe ya hila, kwa sababu inaudanganya mfungo na kulidanganya tumbo. Wengine huikaanga ikaelea kwenye mafuta. Nuhad aliitandaza kwenye sinia, akaipaka mafuta ya zeituni kwa kidole, akaioka. Tannus alikula yote bila kelele. "Imekolea," alisema kila siku. Neno hilo moja tu, akainuka.

Ila jana, wakati wa chakula cha mchana, aliweka uma chini.

"Kesho Pasaka, Mama Ilyas," alimwambia, akimwita kwa jina la mwana wao mkubwa. "Kibbe ya nyama."

"Daktari alisema..."

"Daktari kwao Pasaka haifiki? Ya nyama, na mafuta ya mkia wa kondoo katikati. Wewe ukishindwa, dada yangu Afife hashindwi."

Na kweli asingeshindwa. Afife hupika kwa nusu kopo la samli, na mapenzi yake kwa kaka yake huyapakua kwa mwiko. Nuhad hakupata usingizi. Kumdanganya mtu kama Tannus kwamba boga ni nyama ni wazimu, na aliujua wazimu wake. Alichotegemea ni kitu kimoja tu: Tannus atie tonge la kwanza mdomoni mbele ya Afife na Ghada, siku ya Pasaka, siku ambayo mtu huona haya kufoka. Hapo angekiri, na ikibidi angelia. Kulia hakukumpa shida.

Boga lilipoiva alilikamua kwenye kitambaa, akalikanda na ngano, kitunguu, mdalasini na majani makavu ya marjoramu, akatia pilipili nyekundu ili lipate sura ya nyama. Chumvi alitia kijiko kizima, kwa heshima ya Pasaka. Katikati akatandaza vitunguu, spinachi na kokwa za jozi zilizopondwa. Alipokata sinia kwa mistari ya mshazari, kengele za mwisho wa misa zikaanza kulia, na kwa haraka mistari ikaenda upogo, akalisukuma sinia ndani ya oveni.

Afife ndiye aliyeingia kwanza, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mbuzi.

"Kristo amefufuka, wifi! Na magoti yako je, nayo yamefufuka?"

"Amefufuka kweli. Karibu, kaa."

"Nikae nini, nasikia harufu tamu. Ni ya mafuta ya mkia hiyo?"

"Mama, mbona umerowa jasho hivyo?" Ghada alimwuliza kwa kunong'ona.

"Funga mdomo ulete mtindi."

Tannus aliketi mahali pake, kola imembana, uso umekonda. Nuhad alimpakulia kipande cha kwanza. Alisimama nyuma ya kiti chake mwenyewe ameshika mgongo wa kiti, hawezi kukaa, hawezi kuondoka. Wote walijisevia. Tannus alikata, akatia mdomoni, akafumba macho kama afanyavyo dukani.

Afife alitafuna mara mbili. Uso wote ulimkunjamana, jicho moja likafunga, akanyakua kitambaa. Ghada alishika bilauri ya maji akainywa yote.

Nuhad akamega kipande, akaonja. Meno yalimfa ganzi. Ukali ule ulimpanda hadi masikioni. Papo hapo alielewa: tangu Tannus atoke hospitalini yeye mwenyewe alikuwa ameificha chumvi, na mahali pake kwenye rafu alikuwa ameweka mtungi wa chumvi ya ndimu, unga mweupe kama chumvi lakini mkali kuliko ndimu. Mkono wake wa miaka yote ulikwenda pale pale ulipozoea. Kijiko kizima cha ukali, si chumvi. Hata mbuzi asingekila chakula kile.

"Eeh," alisema Tannus, amefumba macho bado. "Hii sasa ndiyo kibbe. Kondoo huyu. Paja la nyuma, hajatimiza mwaka. Na chumvi imekolea, Mama Ilyas. Imekolea."

Afife alifungua kinywa, na Nuhad akamfinya bega kwa nguvu zake zote.

"Kula, wifi," alisema.

Sasa siku zote zile zilimjia kwa mkupuo. Imekolea, imekolea, imekolea. Supu ile ambayo Ghada alilalamika imeungua, Tannus alisema imekolea. Nuhad alikaa roho juu mfungo mzima, akihesabu punje za chumvi, akiogopa ulimi uliokuwa umekwishakufa. Alipandwa na hasira, akatamani kumpiga na sinia. Kisha akaona mkono wa mumewe ukitafuta kipande cha pili, polepole, kama mtu anayepapasa gizani, na hasira ikamwisha.

Tannus alifumbua macho. Alimtazama dada yake na kitambaa chake. Akamtazama binti yake na bilauri tupu. Alikuwa amesoma nyuso za wateja miaka arobaini, hazikumpa kazi. Aliweka uma chini.

"Tangu lini?" Nuhad aliuliza.

"Tangu hospitali." Alisugua kidevu. "Mkate, nyama, kahawa, yote ni kama karatasi. Nilisema nikipata mafuta ya mkia, labda..." Hakumaliza. "Wanakuja dukani wananiita mwalimu, Nuhad. Ningewaambia nini?"

"Mimi ungeniambia! Mimi!"

"Wewe ndiye wa kwanza niliyekuonea haya."

Afife alianza kulia kwa sauti, na Ghada akamshika bega. Nuhad alivuta kiti, akakaa karibu na mumewe hadi magoti yao yakagusana.

"Ni kondoo?" aliuliza Tannus taratibu.

"Hapana."

"Ni nini?"

Angeweza kudanganya. Kamwe asingejua. Angeweza kumlisha boga akaliita kondoo, ng'ombe, hata kware, hadi mwisho wa maisha yao, na daktari angempigia makofi.

"Ni boga," alisema. "Hakuna nyama hata chembe. Na nimeharibu, nimetia chumvi ya ndimu kijiko kizima. Ni kali, Tannus. Ni kali ile ya kukufunga jicho."

Tannus aliitikia kwa kichwa kwa makini, kama mtu anayeelekezwa njia. Alichukua uma, akakata kipande kingine, akakitia mdomoni, akafumba macho.

"Na baada ya ukali?" alisema. "Kunakuja nini?"

Nuhad aliuma kipande chake, machozi yakamtoka kwa ukali ule na kwa mengine, akatafuna sambamba naye.

"Utamu kidogo," alisema. "Subiri. Sasa mdalasini. Sasa jozi."